Msiiyeyushe Mikono Ile

Sogeeni mpaka hapa pumzi yangu inapofika, wanangu, maana ile sauti niliyokuwa nikiitia watu ng'ambo ya bonde imekwisha, na hii iliyobaki nataka itoshe maneno yangu yote. Rogathe, binti yangu, weka hiyo dawa kando. Hospitali yenu ya Gonja imenitendea mema na Mungu awalipe, lakini taa ikiishiwa mafuta utambi haulaumiwi. Jenoveva, mke wangu, kaa hapo hapo kichwani pangu. Ndugu yangu Eliaichi, asante kwa kupanda mlima na magoti hayo, ila ondoka mlangoni uje ukae kwenye kigoda, wewe si mgeni wa nyumba hii. Zaituni, mkwe wangu, mwache mtoto alie akitaka, kilio cha mtoto hakijawahi kumsumbua mtu anayeondoka. Na wewe Tumainieli, mwanangu wa kiume niliyebakiwa naye, usiegemee ukuta kama mtu aliyeshitakiwa kwa balozi. Kaa chini. Wewe ndiye uliyenifanya niwaite hawa wote.

Nianze na mali, si kwa kuwa ni kubwa, bali kwa kuwa watu husikiliza kwa utulivu zaidi wakishajua wamepata nini. Nyumba hii ni ya Jenoveva mpaka siku yake, na atakayemhamishia hata kigoda kimoja asije kaburini kwangu kulia. Kahawa ya mteremko wa juu ni ya Rogathe, na asitokee mtu wa kusema binti hana shamba kwao, maana kikohozi kiliponikalia kifuani sikuwaona hao wenye maneno, nilimwona yeye na beseni lake. Migomba ya chini na mbuzi ni vya Tumainieli. Ng'ombe mweupe ni wa Zaituni. Baba yako kule Same aliikataa ndoa yako na Tumainieli, nami niliikataa huku juu, mkatushinda wazee wote wawili kwa kupendana tu, basi huyo ng'ombe ndiye salamu zangu kwako, na maziwa yake yamkuze mjukuu wangu.

Sasa maji. Eliaichi, tangu baba yetu afariki tumegombea zamu ya Jumatano kwenye ndiva, bwawa lile walilochimba babu zetu likusanye maji ya kijito na kuyafungulia mashambani asubuhi, na kwa ajili ya siku moja ya maji tumekosa kunywa dengelua, pombe yetu ya miwa, pamoja kwenye harusi za watoto wetu wenyewe. Wazee walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Basi majirani na wachukue makapu, leo tumepatana. Jumatano ni yako. Shamba lako liko chini na udongo wake ni mchanga, lina kiu kuliko langu. Tumainieli, usije ukaifufua kesi hiyo mimi nikiwa nimefukiwa na siwezi kuja kutoa ushahidi.

Hayo yalikuwa madogo. Kubwa ni hili. Nimesikia, Tumainieli, kwamba ulimwendea mwenyekiti wa kijiji ukamwambia nikishazikwa utaiyeyusha ile sanamu ya shaba iliyo mbele ya banda langu la uhunzi, uifanye bushi za mashine ya kusaga, kisha ulifunge banda, uiache nyundo ipate kutu, uteremke Ndungu ukalime mpunga. Sikukasirika. Mashine ya kijiji imekaa kimya tangu kiangazi, vipuri havipatikani hata Moshi, na mama zenu wanateremka na debe la mahindi kichwani mpaka Same. Mtu anayetaka kuifufua si mtu mbaya. Lakini Rogathe ameniambia sababu iliyo chini ya sababu hiyo, ile uliyomweleza siku mliyokuwa mkichambua maharage, nayo imeninyima raha kuliko ugonjwa. Ulimwambia kwamba ile sanamu ni wewe. Ulimwambia baba alikutengeneza wewe kwa shaba na kukusimamisha njiani, ili kila apitaye aone kwamba ulirudi kutoka vitani mikono mitupu. Usimkasirikie dada yako kwa kunipa siri hiyo. Angeificha, ningekufa bila kujua mwanangu ananifikiriaje. Nisikilize mpaka mwisho, halafu amri ni yako, kwa kuwa maiti haimshiki mtu mkono.

Nyinyi hamkuwapo, na mimi nilikuwa mtoto wa kushika nguo ya mama, wakati Wajerumani na Waingereza walipokuja kupigania reli kwenye tambarare yetu, katika ugomvi wao ambao sisi hatukuulizwa hata neno. Baba yangu na mdogo wake Tomaso walikamatwa wakafanywa wapagazi, wakabebeshwa masanduku ya risasi ambazo hawakujua zinakwenda kumpiga nani. Homa na njaa vikamwangusha Tomaso njiani, kule upande wa Mkomazi, na baba akakataa kumwacha. Akatoroka naye mgongoni, Tomaso akiwa tayari amekufa, akapanda mlima kwa njia za mbuzi mpaka hapa, na babu yangu akatoka akasimama kwenye kizingiti hiki hiki, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, akampokea mwanawe. Niliona kwa macho yangu, nimekumbatia nguzo ya mlango. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya ukoo wetu kwamba waliotoka wawili hurudi wawili, mmoja kwa miguu yake na mwingine mikononi mwa mwenziwe, na baba ndiye hupokea kizingitini. Ilikuwa sheria nzuri kwa wakati wake, maana iliwafundisha watu kutotupana.

Kisha ikaja vita yenu. Redio ikatangaza kwamba nchi imevamiwa kule Kagera, na Ernest, kaka yako, aliyekuwa mgambo, akaweka koleo chini kabla chuma hakijapoa. Wewe ukamfuata. Sikuwazuia, kwa kuwa mtu akiingiliwa nyumbani kwake hakai kuuliza kama ana nafasi. Nikawasindikiza mpaka Same barabarani, na Eliaichi akawakumbusha sheria yetu pale pale kando ya lori, na Ernest akacheka, akasema yeye ni mzito, afadhali yeye ndiye abebe. Ndivyo alivyokuwa yule mtoto, angeweza kuutania hata msiba wake mwenyewe. Nampenda mpaka leo, na ninakwenda alipo, kwa hiyo msinililie sana.

Jeshi lilimzika huko huko Kagera pamoja na wenzake, kwa heshima, na ndivyo ilivyopasa, kwa maana hakuna jeshi duniani litakalompa kila askari ruhusa ya kupanda mlima na nduguye mgongoni. Nililijua hilo. Kila mwenye akili zake alilijua. Lakini akili ina nyumba yake na mazoea yana nyumba yake, na msiba ukija hubisha hodi kwenye nyumba ya mazoea kwanza. Siku uliyorudi, Tumainieli, nilisikia mbwa wakibweka nikatoka nje. Nikakuona unapanda kutoka upande wa ndiva, peke yako, na mfuko wako wa jeshi begani, umekonda kama ufito. Na mikono yangu ikainuka. Sikuiinua mimi, mwanangu. Iliinuka yenyewe, viganja juu, kama nilivyomwona babu. Ukaitazama ile mikono, ukainamisha kichwa, ukapita ubavuni kwangu ukaingia ndani, wala hukuniambia shikamoo.

Tukazika mgomba badala ya mwili, kama tunavyofanya mtu wetu akipotelea mbali, nao niliupokea mimi hapo kizingitini. Ulikuwa mwepesi mno. Nilidhani nitalia nikiupokea, lakini nilisimama tu nikishangaa wepesi wake, na watu wakaja kunitoa mgomba mikononi kama wanavyomnyang'anya mtoto kisu. Ndipo ndugu yangu Eliaichi, kwa uchungu wake, akasema mbele ya waombolezaji wote kwamba mkono mtupu haulambwi. Hakumtaja mtu jina, lakini methali ikirushwa matangani haikosi pa kutua. Eliaichi, usiinamishe uso, sikukuita hapa kukuhukumu. Ulimpenda Ernest kama wa kumzaa mwenyewe na uchungu hauna adabu. Ila neno lako lilikwenda likaingia kwa huyu, na tangu hapo anatembea nalo kama mtu mwenye mwiba kwenye wayo ambaye anaona haya kuchechemea mbele za watu.

Mwaka uliofuata wakaja watu kutoka mjini, wakasema Same inataka sanamu ya shujaa wa vita, askari amesimama wima na bunduki yake, nao walisikia kwamba mimi nimewahi kumimina shaba. Kweli niliwahi, kwenye karakana ya shamba la mkonge huko tambarare, nikifundishwa na marehemu Isihaka, fundi wa Kimanyema aliyekuja na kazi za reli akazeekea kwetu. Chuma kilikuwa cha baba zangu, lakini shaba nilipewa na Isihaka. Nikakubali ile kazi kwa furaha, maana nilikuwa sijashika kitu chochote kwa moyo tangu msiba. Mkonge ulikuwa umekufa na mashine zimelala, tukapewa ruhusa ya kuchukua bushi zake zilizolika. Na juu ya hizo kila nyumba iliyokuwa na kijana vitani ikaleta chake, huyu kufuli, yule birika, mwingine koki ya bomba, na bibi mmoja akavua kikuku alichoolewa nacho. Mama mmoja wa upande wa pili wa bonde alileta ganda la risasi ambalo mwanawe alirudi nalo mfukoni, akaniambia, "Mzee Rubeni, hili lichome kabisa, silitaki ndani kwangu."

Nikakaa mbele ya nta ya nyuki, maana kazi hiyo huanza na nta, nikitaka kumtengeneza askari. Nilitaka kweli kweli, msidhani nilikuwa mkaidi. Nikamtengeneza miguu imara, nikamtengeneza kifua, nikampa bunduki mikononi. Lakini kila jua lilipopanda na banda likapata joto, nta ililegea, bunduki ikaanguka, na viganja vikageuka juu. Nikarekebisha, vikageuka tena. Isihaka alikuwa amekaa kwenye gogo akitafuna muwa, akanitazama weee, kisha akasema, "Fundi, wewe unaisukuma huku na mikono yako mwenyewe inaivuta kule. Iache uone inataka nini." Nikaiacha. Nikaacha kufikiri kabisa, nikaacha vidole vifanye. Tulipoikandika kwa udongo na kuuchoma, nta ikayeyuka ikatoka yote, na penye nafasi ya nta tukamimina shaba, mimi na Isihaka kwenye chungu cha moto, na mama yenu Jenoveva kwenye mivukuto kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine. Isihaka, Mwislamu safi, alisema yeye anamimina shaba tu, na kitakachotoka humo ni baina yangu na Mungu wangu. Tukapasua udongo tukiwa tunaogopa.

Mmeizoea sasa, lakini kumbukeni ilivyowatisha. Kimo chake hakifiki kifuani kwangu, na mikono yake ni mirefu kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kumwona. Shingo imevutwa mbele kama ya mtu anayechungulia njia. Macho hayapo, kuna alama mbili tu za vidole gumba vyangu vilivyobonyea kwenye nta. Kinywa kiko wazi na hakisemi kitu, na kifua kimezama ndani, ukikigonga kinaita kama chungu kitupu. Sikuipiga tupa wala sikuing'arisha. Watoto waliikimbia, na mchungaji akauliza kwa upole kama ni lazima ikae nje. Vijana wakasema mzee macho yamemwisha. Yule kijana aliyetumwa kutoka mjini akanipa kwanza shikamoo, akaizunguka sanamu, akasema, "Mzee wangu, kazi ni kubwa, lakini askari wetu haombi. Sisi tumeshinda vita." Nikamjibu kweli tumeshinda, nikampa ndizi za njiani, akaenda zake. Hakukosea yule kijana. Alitumwa kuchukua askari, nami nilikuwa nimetengeneza baba.

Umesikia, Tumainieli? Baba. Ile mikono si yako, ni yangu. Ni mimi siku ile nimesimama kizingitini, na kilichokuwa mikononi mwangu hakikuwa lawama, ilikuwa nafasi ya mtoto mmoja ambaye hatarudi. Haikudai kitu kwako. Nilikuwa na wana wawili, mmoja akapanda kutoka ndiva akiwa hai, na mimi mjinga mzee mikono yangu ilikuwa ikimpokea yule mwingine, kwa hiyo yule aliye hai akapita pembeni bila kushikwa. Hilo ndilo lililonitoka kwenye nta. Kama ningejua kwamba unaisoma vibaya ningeinuka kitandani zamani nikakwambia, lakini wewe uliliepuka banda nami nikadhani unakwepa joto la moto na kelele za nyundo, kwa sababu nilisikia kwamba watu waliotoka vitani hawapendi kelele. Kila mmoja alikuwa akimhurumia mwenzake kwa kukaa mbali. Sasa tumalize.

Nipe maji kidogo, Rogathe. Kidogo tu, ya kulowesha ulimi.

Sikilizeni jambo lililonifurahisha, maana sitaki mdhani nimewaita kunywa uchungu. Mwezi ule wa mavuno ya maharage, nilikuwa nimekaa bandani nikijiotea jua, nikamwona Zaituni anapanda kutoka shambani, mzigo wa majani kichwani, na mtoto Saada mgongoni, na kanga imelegea. Akatafuta pa kumweka mtoto, na chini kulikuwa na matope ya mvua. Akatazama huku na huku, mimi hakuniona. Akamchukua Saada akamlaza juu ya ile mikono ya shaba, akafunga kanga yake taratibu, akatua na majani, akajinyoosha mgongo. Mimi nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kusema hapo si kitanda, hapo ni msiba wangu. Pumzi ndiyo iliyonikosa, na ninamshukuru Mungu kwa kunikosesha pumzi saa ile. Maana shaba ilikuwa imekula jua tangu asubuhi, ina joto kama mwili wa mtu, na mtoto aliyekuwa akilia tangu ng'ambo ya bonde akanyamaza, akanyoosha miguu, akalala. Alienea. Mikono niliyoifanya mirefu kupita kiasi kwa sababu ya aliyekosekana, ilimwenea yule aliyekuja. Nililia, wanangu, na hicho kilikuwa kilio changu cha kwanza tangu tuzike mgomba, nacho kilikuwa kitamu.

Baada ya hapo nikaanza kuchungulia. Kumbe si Zaituni peke yake. Mama anayetoka ndiva anatua debe lake hapo kabla ya kupanda kilima cha mwisho. Wachuma kahawa wanatua vikapu. Yule mama wa ganda la risasi, aliyesema halitaki ndani kwake, nilimwona ametua kuni zake hapo na ameishika ile sanamu bega akipumua, anaongea nayo habari za wakwe zake. Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini ile shaba haisemi hivyo, inaupokea mzigo kama ulivyo. Mimi niliimimina kwa ajili ya vita, na watu wa hapa hawakuniuliza, wakaipa kazi.

Kwa hiyo naagiza, na Eliaichi ndiye shahidi. Msiiyeyushe mikono ile. Kwa ajili ya mashine ya kusaga, chimbeni chini ya fuawe, lile chuma ninalofulia, kuna mabonge ya shaba yaliyobaki siku tuliyomimina, yale yaliyoganda kwenye njia za kumiminia. Yanatosha bushi za mashine yetu, na bushi ni kazi ndogo ambayo Tumainieli aliijua kabla hajaota ndevu. Sanamu isipelekwe makaburini wala isiingizwe kanisani. Wakija tena watu wa mjini kuitaka, wakaribishwe makande, waitazame, waiache. Asitokee mtu wa kuimwagia pombe wala kuipigia magoti. Akitokea, mfukuzeni, awe Mkristo au Mwislamu au wa mizimu. Ni mahali pa kutua mzigo, basi. Ikae pale njia ya kutoka ndiva inapofika juu.

Na jingine, hili ni zito kidogo, nishikeni mkono. Ile sheria ya ukoo, mimi mkubwa wa ukoo naigeuza leo mbele yenu. Baba yangu alimbeba Tomaso kwa sababu aliweza. Asiyeweza hana deni. Tangu leo, katika nyumba yetu, aliyerudi peke yake apokewe peke yake, ashikwe, aketishwe, alishwe, na anayempokea asichungulie nyuma yake kutafuta mwingine. Eliaichi, liseme neno hilo kwenye matanga yangu kwa sauti ile ile uliyosemea ile methali. Unaniahidi? Itikia, sikuoni vizuri. Haya, nimesikia.

Nyundo sasa. Nyundo ni ya Tumainieli akiitaka. Sikulazimishi. Ukienda Ndungu kulima mpunga, nenda na baraka zangu, mpunga ni chakula na mimi ninaupenda. Lakini majembe hayapo kwenye duka la ushirika, na watu wanalima kwa vipande vya majembe, na mkono wako kwenye chuma ulikuwa mwepesi kuliko wa Ernest. Yeye mwenyewe aliniambia hivyo, akicheka. Nilikuwa namngoja mwenyewe akwambie.

Mungu wa baba zangu, aliyetupa mlima huu na maji yake, awalinde. Jenoveva, ulivukuta moto wangu na hukuuliza ni wa nini. Utakuja kwangu taratibu, usiharakishe. Rogathe, mikono yako iendelee kuponya. Zaituni, Mola wako na wangu wakutazame kwa jicho moja la huruma, na Saada aone amani ambayo sisi tuliisikia kwa mbali. Eliaichi, maji yako ya Jumatano yasikauke. Tumainieli...

Tumainieli, njoo. Mnajua desturi yetu, mhunzi wa nyumba hii hafii kitandani, hutolewa akakalishwa mbele ya moto wake, na anayemtoa ndiye hurithi... Eliaichi, kaa, usiinuke, magoti yako hayawezi. Simwiti yeyote. Nasema tu desturi ilivyo. Anayetaka.

Unakuja? Njoo basi, mwanangu. Usilie, au lia, mimi nani wa kukukataza. Pitisha mkono huu chini ya magoti. Huo mwingine mgongoni, hivyo. Jenoveva, fungua mlango wote. Zaituni, ondoa kigoda njiani. Inamisha kichwa hapo, boriti iko chini... Ndiyo. Nje kuna jua, nalisikia usoni. Una nguvu, Tumainieli. Una mikono ya watu wa kwetu.

Rogathe ameshawasha moto? Vizuri. Tumefika? Mbona upesi hivi.

Usiniweke chini bado, mwanangu. Nishike kidogo.